Mpira Uliogusa Nyasi

Sehemu ya Sita

Haya, najua niliwaacha pabaya. Barua zenu nimezipata, na msomaji mmoja ameapa kulichana gazeti nikichelewesha tena. Basi tumrudie Roscoe Tolliver pale pale tulipomwacha: umri miaka kumi na minane, chali chini ya uzio wa uwanja, glavu kifuani, mwamuzi anamjia mbio, na watu elfu nne wamesimama wanasubiri neno moja tu.

Mpira ulikuwemo ndani ya glavu. Hilo halina ubishi.

Lakini kabla ya kuingia, uligusa nyasi.

Uligusa kidogo mno. Roscoe aliusikia, tap, kisha ukadunda na kujitumbukiza wenyewe kwenye ngozi ya glavu. Katika uwanja ule mzima, mtu mwenye uhakika alikuwa mmoja, naye alikuwa amelala na vumbi mdomoni.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Fainali ya besiboli ya shule za sekondari za Alabama, zamu ya mwisho kabisa. Tull Creek, shule ya Roscoe, wanaongoza kwa pointi moja. Corwin Lassiter wa Kellam Springs ameukung'uta mpira mpaka mwisho wa uwanja, huku wenzake wawili wakikimbilia kituo cha nyumbani kufunga pointi. Mpira ukidakwa hewani, Corwin ametoka, mchezo umekwisha, Tull Creek mabingwa. Ukigusa chini kwanza, wale wawili wanaingia na kombe linahama.

"Umeudaka?" mwamuzi alifoka, akihema. "Kijana, umeudaka?"

Roscoe akainua glavu. Ubavuni mwa mpira mweupe palikuwa na doa la kijani, jembamba kama ukucha. Kidole gumba chake kikateleza na kulifunika. Hakukituma. Kilikwenda chenyewe.

"Mimi..." akaanza.

Mwamuzi hakusubiri. Ngumi yake ikapaa juu. Ametoka!

Uwanja ukalipuka. Wenzake wakamrukia mmoja baada ya mwingine mpaka akakosa hewa. Kocha Buford Haskew, mwanamume mwenye kitambi ambaye hakuwa amekimbia tangu kuoa, alivuka uwanja mzima mbio huku analia.

"Mwanangu!" alibweka. "Mwanangu, umetufanya watu!"

Chini ya lundo lile la miili Roscoe alisikia sauti moja tofauti na zote.

"Umegusa chini! Umegusa chini, nyie vipofu! Mwulizeni mwenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Corwin. Lundo lilipopungua Roscoe akamwona, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya mchanga, amesimama pua kwa pua na mwamuzi.

"Rudi benchini, Lassiter."

"Mwulize! Mwulize yeye, si mimi!"

"Nimesema rudi."

Corwin akamsukuma kwa mikono yote miwili. Mwamuzi akaanguka chali, kofia ikabiringika. Uwanja ukaguna kwa pamoja. Kufumba na kufumbua polisi wawili walikuwa wamemshika Corwin mabega na wanamtoa nje, na yeye hakuwaangalia polisi, wala mama yake aliyekuwa akipiga mayowe jukwaani. Alikuwa akimwangalia Roscoe.

Roscoe akaangalia pembeni.

*

Saa moja baadaye eneo la kuegesha magari lilinuka mbavu za nguruwe na petroli. Akina baba walikuwa wamekaa nyuma ya malori yao wakimenya karanga za kuchemsha na kusimulia ule udakaji. Katika kila simulizi Roscoe alikuwa ameruka juu zaidi.

Mwenyewe alikuwa nyuma ya basi la shule, anasugua kidole gumba kwenye suruali.

"Jaribu siki," mtu akasema. "Rangi ya nyasi haitoki kwa kusugua."

Roscoe akageuka. Mzee mfupi, kofia ya majani, saa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni.

"Wendell Askins. Nazunguka kutafuta wachezaji kwa ajili ya klabu moja ya ligi kuu. Ule mpira uligusa chini."

Roscoe akakificha kidole gumba mfukoni.

"Tulia. Mimi si mwamuzi. Na mpira sikuwa nauangalia sana, nilikuwa naangalia miguu yako. Uliondoka kabla gongo halijalia. Ulijuaje?"

"Bega lake, mzee. Alilishusha kidogo. Nikajua unakuja kwangu na unakuja mbali."

"Nani kakufundisha hilo?"

"Hakuna. Nilidhani kila mtu analiona."

Mzee akacheka peke yake, akaandika kitu kwenye kidaftari.

"Hawalioni, kijana. Mimi nimekaa juani miaka ishirini na sita, na wanaoliona nawahesabu kwa mkono mmoja. Una simu nyumbani?"

"Tunayo, mzee. Na... na Lassiter?"

Askins akakifunga kidaftari.

"Walikuwepo watu watatu wa vyuo waliokuja kumwona yeye. Amemwangusha mwamuzi mbele yao. Wote watatu wameshawasha magari." Akaiweka sawa kofia yake. "Siku tatu za klabu za ligi kuu kuchagua wachezaji zinaanza Jumatatu. Kaa karibu na simu."

*

Verlene Tolliver alikuwa amesimama miaka kumi na nne kwenye kiwanda cha kuku, akikata mabawa, na hakuwa na subira na michezo.

"Jumatano saa sita mchana," alimwambia mwanawe, kidole juu. "Simu isipolia mpaka saa hiyo, unakwenda chuo cha ualimu kama tulivyopatana. Na habari ya mpira nisiisikie tena humu ndani."

"Mama, watu wanachaguliwa mpaka dakika ya mwisho."

"Na mimi dakika yangu ya mwisho ni saa sita."

Jumatatu simu haikulia.

Roscoe alikaa sebuleni, akasimama, akakaa. Alitoka nje akarusha mpira juu ya paa na kuudaka ulipobiringika upande wa pili. Alirudi ndani. Alifungua jokofu mara nane na hakutoa kitu. Kila mtu mtaani aliyepita alipiga honi: kwa kinyozi wa mjini walikuwa wametundika kitambaa kizima, TOLLIVER ALIUDAKA, herufi ndefu kuliko mlango. Kila honi ilimchoma kama mwiba.

Jumanne simu haikulia.

Jumatano saa sita na dakika kumi Verlene alivua aproni yake, akaikunja.

"Haya. Nenda kapange nguo za chuo."

"Mama..."

"Nilisema nini?"

"Saa sita."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Roscoe aliinuka. Alikuwa ameshafika mlango wa chumba chake gari lilipofunga breki nje kwa kishindo, na mtu akapanda ngazi za kibarazani akitukana kwa adabu, kama wanavyotukana wazee wa kanisani.

"Hodi! Nyumba ya Tolliver? Kwa jina la Mungu, nani anaongea kwenye simu ya nyumba hii? Nimepiga mara kumi na moja! Nimeendesha gari kwa muda wa saa mbili kwa sababu ya simu!"

Ilikuwa sauti ya Askins.

Verlene akageuka taratibu kuelekea bafuni. Waya wa simu ulikuwa umepita chini ya mlango.

"Shondra!"

Mlango ukafunguka kidogo. Shondra, dada yake Roscoe, miaka kumi na sita, akatoa kichwa, simu sikioni.

"Mama, ni dakika mbili tu. Dexter anasikitika."

"Tangu lini anasikitika?"

"Tangu Jumatatu."

Roscoe alitaka kumnyonga na kumbusu kwa wakati mmoja.

"Amechaguliwa, mama," Askins alisema, kofia mkononi. "Raundi ya thelathini na moja. Si mbele sana, sitakudanganya. Lakini yumo. Ligi ndogo ya milimani, kule Harlan Gap. Basi linaondoka Ijumaa."

Verlene hakumkaribisha kiti.

"Bwana Askins, vijana wanaokimbia wamejaa jimbo hili. Wewe umeona nini kwa huyu wangu?"

Mzee akamtazama Roscoe, akamtazama sana, na kile kitambaa cha kinyozi kikapita kichwani mwa Roscoe chenye herufi zake zote.

"Macho, mama," Askins akasema hatimaye. "Anaona mapema. Mengine atajifunza, au hatajifunza."

Verlene aliichukua aproni aliyoikunja, akaifunga tena kiunoni.

"Kila Jumapili baada ya ibada unanipigia simu," alimwambia Roscoe. "Jumapili moja ukiruka, nakuja kukuchukua kwa masikio." Kisha akamgeukia Shondra. "Na wewe, mwambie Dexter amepata nafuu."

*

Harlan Gap ni mji wa kiwanda kimoja, mlima mmoja mbele na mwingine nyuma. Meneja wa timu, Gil Dombrowski, alikuwa na mashavu yaliyojaa mbegu za alizeti saa zote.

"Tolliver? Unalala kwa mjane Oberholt, chumba cha juu. Wachezaji wawili wawili. Mwenzako amefika asubuhi. Mtapatana, wote ni watu wa Alabama."

Roscoe alipanda ngazi na begi lake. Akasukuma mlango.

Kitandani, bila viatu, anakula biskuti za mjane, alikuwa amekaa Corwin Lassiter.

Roscoe hakuweza kuvuka kizingiti.

"Wewe?"

"Mimi," Corwin alisema. "Hakuna chuo kilichonitaka. Hakuna klabu iliyonichagua. Kuna mzee mmoja wa kofia akaja nyumbani akasema, kijana, hasira zako hazifai lakini gongo lako linafaa." Akatafuna taratibu. "Ingia bwana, nzi wanaingia. Ingia, Nyasi."

Jina likashika.

Kesho yake uwanjani ilikuwa Nyasi lete maji, Nyasi hujambo, Nyasi umeamkaje. Wenzao waliuliza maana yake.

"Mwulizeni yeye," Corwin alikuwa akisema kila mara, sauti tamu kama asali. "Anajua vizuri."

Akaishia hapo. Hakusema zaidi. Hilo ndilo lililomla Roscoe. Angepigwa ngumi angepona. Lakini kulala na mtu chumba kimoja, kula naye meza moja, kusimama naye katika uwanja mmoja, mwenzako kushoto na wewe katikati, na kila asubuhi anakuita kwa kosa lako huku anatabasamu!

Akaacha kupiga. Kulinda alilinda. Mpira wowote uliopanda upande wake alikuwa ameshaufikia. Lakini akishika gongo mikono ilikuwa mizito. Wiki tatu zikapita. Katika zamu arobaini na mbili alipata mapigo manne. Alihamisha miguu, akabadilisha gongo, akabadilisha soksi. Alianza kutembea huku na huko benchini mpaka Dombrowski akamtupia mbegu.

"Kaa chini, Tolliver! Unanitia kizunguzungu." Kisha, wachezaji wote wakiwa wanasikia, akasema: "Nina walinzi wa nje wanne na nafasi tatu. Jumapili ya wiki ijayo mmoja anarudi kwao. Msiniulize nani. Jiulizeni wenyewe."

Corwin alikuwa akiongoza timu kwa mapigo. Lakini mikono yake ilidondosha mipira kama yenye sabuni, na naye alijua.

"Mimi au wewe, Nyasi," alinong'ona. "Safari hii mpira hautakusaidia."

*

Kesho yake, Jumapili, Roscoe alisimama kwenye kibanda cha simu nje ya mkahawa, jua la mchana likimchoma shingo.

"Ibada ilikuwaje, mama?"

"Mchungaji amekutaja tena. Ule udakaji umeingia kwenye mahubiri sasa. Unakula?"

"Mama." Alibana simu kwa bega. "Ule mpira sikuudaka."

"Nini?"

"Uligusa chini kwanza. Nilijua pale pale. Nikanyamaza."

Roscoe aliwasikia watoto wa jirani wakicheza nyuma ya mama yake, maili mia tatu kutoka alipokuwa.

"Nimelipigia makofi hilo jambo kanisani," Verlene alisema, sauti imeshuka. "Nimesimama nikapiga makofi. Yule kijana walimtoa na polisi, Roscoe."

"Najua, mama. Nalala naye chumba kimoja."

"Basi unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikosewa nini? Mwambie yeye."

Akakata simu.

Roscoe alimkuta Corwin nyuma ya nyumba, anaanika jezi na soksi kwenye kamba. Alimwambia yote kwa pumzi moja: nyasi, doa, kidole gumba. Alisema samahani. Alisubiri.

Corwin alibana kibanio cha mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unafikiri nilikuwa sijui? Nilikuwa nimeshapita kituo cha kwanza, nimeuangalia kwa macho yangu. Mwezi mzima nakuita Nyasi, unafikiri nakutania?" Akapiga teke ndoo ya nguo. "Mama yangu haendi tena dukani. Watu wanamwambia mwanao ni muhuni aliyempiga mwamuzi kwa uongo. Kwa uongo, unasikia? Hapa tuko mimi na wewe na hizi soksi. Mimi unaniambia ya nini ninayoyajua tayari? Kaseme kule!"

"Kule wapi?"

"Kule walikotundika kitambaa!"

Roscoe alirudi kwenye kibanda cha simu. Aliomba namba ya gazeti la wilaya yao. Mhariri hakuamini, akamwambia arudie. Akarudia. Mhariri akamwuliza kama amelewa. Akasema hapana, na akarudia mara ya tatu, polepole, ili aandike vizuri: Corwin Lassiter alisema kweli.

Kabla ya chakula cha jioni simu ya mjane Oberholt ililia. Alikuwa Kocha Haskew; mhariri alikuwa ameshampigia kumuuliza.

"Futa," alisema bila salamu. "Mpigie yule mtu wa gazeti sasa hivi, mwambie ulikuwa unatania."

"Siwezi, kocha."

"Wenzako kumi na wanane wamevaa pete za ubingwa! Nilikubeba mimi, mwanangu. Nilikununulia viatu vya kwanza. Likichapishwa hili, usikanyage Tull Creek tena. Na mama yako bado anaishi hapa, umelifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria.

Gazeti lilitoka Jumatano.

*

Alhamisi Roscoe alipiga mapigo matatu. Ijumaa mawili, moja likavuka uzio na kutua kwenye paa la kiwanda. Hakuelewa. Mikono ilikuwa imerudi kuwa yake, lakini furaha haikukaa, maana kila alipopiga simu nyumbani ililia tu bila kupokelewa. Alhamisi haikupokelewa. Ijumaa haikupokelewa. Alijiambia ni Shondra na Dexter. Hakujiamini.

Corwin hakumwita Nyasi tena. Hakumwita chochote.

Jumamosi saa nne asubuhi Dombrowski alimwita ofisini. Mezani palikuwa na gazeti.

"Hii habari ni ya kweli?"

"Ndiyo, kocha."

"Fungasha vitu vyako."

Roscoe alifikiria chuo cha ualimu. Alifikiria kurudi kwenye mji ambao haukumtaka.

"Kocha, nimepiga matano katika siku mbili..."

"Najua kuhesabu. Jina lako lilikuwa hapa." Akagonga karatasi ya majina kando ya gazeti. "Wewe ndiye uliyekuwa unaondoka kesho. Kisha saa moja iliyopita nimepigiwa simu kutoka Fort Dunmore, ligi ya juu yetu. Mlinzi wao wa katikati kavunjika mkono. Wanamtaka mtu anayeona mpira mapema, leo, mchezo ni saa moja jioni. Basi lako saa saba mchana." Akatema mbegu. "Na Lassiter anabaki. Umemwokoa bila kutaka. Mbona umesimama? Toka!"

Roscoe alitoka akikimbia. Akarudi.

"Asante, kocha."

"Toka!"

*

Kwenye kituo cha mabasi Corwin alikuwa amefika kabla yake, ameegemea nguzo, mikono mfukoni.

"Sikusamehe," alisema. "Usije ukafikiri nimekuja kwa hilo."

"Umefuata nini?"

"Kuhakikisha umeondoka kweli." Akatazama viatu vyake. "Mama alinipigia jana. Ameenda dukani. Basi. Hayo tu."

Roscoe akanyoosha mkono. Corwin aliutazama muda mrefu. Alikuwa ameanza kuutoa wake mfukoni basi la kutoka kusini lilipoingia kituoni kwa vumbi na kusimama ubavuni mwa lile la Fort Dunmore.

Mwanamke akashuka na masanduku mawili. Nyuma yake msichana mwenye la tatu.

"Mama?"

Verlene Tolliver alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu, lakini kichwa kilikuwa juu.

"Usinitazame hivyo. Tuko wazima."

"Simu hampokei! Kumetokea nini?"

"Simu walikata waya. Madirisha walivunja mawili, la tatu nikawafungulia mwenyewe nikawaambia tupeni mawe na hapa. Kazini wameniambia nikae nyumbani mpaka watu watulie." Akavuta pumzi. "Sikai nyumbani kwa sababu ya Buford Haskew na pete zake. Sasa, wewe unakwenda wapi na hilo begi?"

"Wamenipandisha, mama. Fort Dunmore. Leo. Sasa hivi."

Uso wa Verlene ulifunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Kisha akamwona yule kijana mrefu kando ya nguzo.

"Na huyu nani?"

Corwin alivua kofia.

"Mimi ndiye niliyeupiga ule mpira, mama."

Walitazamana. Verlene akaweka masanduku chini, akamshika Corwin mkono kwa mikono yake miwili, ile iliyokakamaa kwa kukata kuku. Corwin akaanza kupepesa macho kama aliyeingiwa na vumbi.

"Fort Dunmore!" dereva akaita. "Fort Dunmore, wa mwisho!"

"Mama, sipandi," Roscoe alisema. "Siwezi kuwaacha hapa na masanduku."

"Utapanda. Mimi ndiye niliyekwambia useme, na sijutii. Nina miguu, nina mikono, kijana huyu atanionyesha nyumba ya huyo mjane. Sivyo?"

"Ndiyo, mama," Corwin alisema.

"Umesikia. Panda."

Roscoe akamkumbatia, akaruka ngazini, begi begani. Dereva akashika mpini wa mlango. Injini ikanguruma.

Hapo ndipo alipomwona Shondra.

Shondra, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili tangu azaliwe, alikuwa amesimama nyuma ya mama yao bila kutoa neno. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa akitikisa kichwa. Alihakikisha Verlene hamwoni, akainua mkono, akagusa upande wa kushoto wa kifua chake, penye moyo, akamwonyesha mama yao kwa kidole, na midomo yake ikatamka bila sauti, mara mbili, maneno ambayo Roscoe aliyasoma vizuri, maana macho yake yalikuwa yakiona mapema siku zote:

Hajakwambia yote. Usiende.

"Kijana," dereva alisema, "uko ndani au uko nje?"

Mlango ukaanza kufungwa.